Nihame na blogu yangu, au nibaki nilipo?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi na mama wa watoto wawili. Miezi kumi iliyopita nilifungua blogu ya bure kwenye Blogger, huduma ya blogu ya Google, nikawa naandika mambo ya kila siku: zamu za usiku, malezi, vitabu ninavyosoma, uchovu. Sasa nina makala 41. Katikati ya safari nilichoka na jina la blogu nikalibadilisha, pamoja na anwani yake. Tangu siku hiyo, kila kiungo nilichowahi kumtumia mtu hakifunguki. Rafiki yangu ananishauri ninunue domeini (jina langu la tovuti) na kuhamia WordPress, programu nyingine ya kuendeshea blogu. Mwingine anasema kwa wasomaji watano au sita kwa siku, hiyo ni hela ya kutupa. Nihame au nibaki? Nikihama nitapoteza nini? Na zile makala tano za mwanzo, ambazo nikizisoma naona haya, nizifute kwanza?

JIBU: Dada yangu, pole kwa viungo vilivyokatika. Naanza na hapo, kwa sababu ukielewa kilichotokea siku ile utajua mwenyewe cha kufanya na yale mengine.

Ulipobadilisha anwani, makala zako hazikuguswa. Zote 41 zipo, zimehamia jina jipya. Kilichokatika ni njia ya kuzifikia. Mtu aliyehifadhi kiungo chako kwenye simu, au aliyemtumia dada yake makala ya zamu za usiku, bado ameshika anwani ya zamani. Kwenye anwani ile hakuna anayemwambia kwamba umehama, hivyo anakutana na namba 404, ambayo ni jibu la seva (kompyuta inayohifadhi kurasa) kwamba ukurasa ulioulizwa haupo. Blogger haiwaelekezi watu kutoka jina la zamani la blogspot (neno lililo mwishoni mwa anwani za bure za Blogger) kwenda jipya. Na jina uliloliacha laweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo kazi ya leo, kabla hujafikiria kununua chochote: rudi Blogger ufungue blogu ya pili kwa jina lile la zamani, kama bado liko wazi. Weka makala moja fupi inayosema umehamia wapi. Kisha ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya makosa na uelekezaji, ambapo unaruhusiwa kuandika maneno yako mwenyewe ya ukurasa wa 404. Andika hapo kwamba makala zote ziko kwenye anwani mpya, na uweke kiungo chake. Kuanzia hapo, kila anayekuja na kiungo cha zamani atasoma maneno yako badala ya kukuta ukuta. Hakitamfikisha moja kwa moja kwenye makala aliyoitaka, lakini hatapotea, na jina halitaangukia mikononi mwa mgeni.

Sasa swali lako kubwa. Rafiki zako wawili wanabishana juu ya jambo moja, kumbe ni mawili. Kuwa na domeini ni jambo moja, na kuhama Blogger ni jingine. Ushauri wangu ni huu: nunua domeini, usihame.

Domeini ni jina tu. Unalisajili kwa mwaka mmoja au zaidi (yale yanayoishia na .com yanaweza kusajiliwa hadi miaka 10 kwa mkupuo), kisha unaamua lielekee wapi. Blogger inakuruhusu kuliunganisha na blogu uliyonayo bila malipo yoyote kwake. Katika mipangilio yake utaandika jina lako jipya, nayo itakupa mistari miwili ya aina ya CNAME (maelekezo ya jina moja kwenda jingine) uinakili kwenye akaunti ya pale uliponunua jina. Mstari wa kwanza unaelekeza www ya jina lako kwa seva za Google, wa pili unathibitisha kwamba jina ni lako. Nakili herufi kwa herufi, halafu subiri, maana taarifa za majina huchukua saa kadhaa, pengine hata siku nzima, kusambaa. Ikikubali, washa HTTPS, yaani njia salama ya kufungua kurasa, kwenye mipangilio hiyo hiyo. Na hapa ndipo penye faida usiyoitarajia: anwani yako ya sasa ya blogspot itaanza yenyewe kuwaelekeza wasomaji kwenye jina jipya, kila makala kwenye makala yake. Yaliyokupata mara ya kwanza hayatajirudia.

Sasa kwa nini nakuhimiza ulipie jina wakati wasomaji ni watano? Kwa sababu jina la blogspot, zuri namna gani, si lako. Sisemi Blogger itafungwa. Ipo tangu 1999, Google wakainunua 2003, na hadi leo inafanya kazi. Lakini nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuona huduma kubwa zikizimwa na watu wakilia. GeoCities, ambako mamilioni ya kurasa za watu binafsi zilikuwa zimewekwa, ilifungwa Marekani mwezi Oktoba 2009. Huduma ya blogu iliyoitwa Vox ikafuata Septemba 2010, na nyingine, Posterous, Aprili 2013. Wengi walipewa muda wa kuchukua maandishi yao na wakayachukua. Kisichobebeka ni anwani. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew kilichapisha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Ukiwa na jina lako, siku ya kuhama, kama itafika, unabadilisha tu linakoelekea. Msomaji hatajua hata kama umehama.

Kuhamia WordPress wakati huu sioni kunakusaidia nini. Umenieleza uchovu wa zamu za usiku; sitaki nikuongezee kazi ya kusasisha programu-jalizi (programu ndogo za nyongeza) na kufuta maoni ya matangazo. Siku ukitaka kitu ambacho Blogger haiwezi, nenda. Na siku hiyo kumbuka mambo mawili. Kwanza, anwani za Blogger zina mwaka, mwezi na jina la makala lenye .html mwishoni; kwenye programu ya WordPress unaweza kupanga viungo vifuate mpangilio huo huo, ili viungo vya zamani viendelee kufunguka. Kagua kimoja kimoja, kwani vingine vitatofautiana kidogo, na hivyo utaviwekea uelekezaji wa kudumu, ambao seva huutambua kwa namba 301. Pili, usiifunge blogu ya zamani mpaka umehakikisha picha zimefika. Faili la makala unalopakua mara nyingi hubeba maneno na viungo vya picha, si picha zenyewe. Ukifuta blogu ya zamani mapema, picha zinaweza kwenda nayo.

Domeini nayo ina hatari yake, na hii nimeionja. Blogu yangu ya kwanza niliisajili kwa barua pepe ya ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi. Nikaacha kazi pale, barua pepe ikafungwa, na kadi niliyolipia ikaisha muda. Tahadhari za kulipia upya zilitumwa kwenye sanduku ambalo hakuna mtu alikuwa akilifungua. Nilipogundua, jina lilikuwa limekwenda, na kwenye ukurasa nilipoandika habari za kuzaliwa kwa binti yangu palikuwa na matangazo ya kamari. Niliandika kwa aliyelichukua, sikujibiwa. Maandishi nilikuwa nayo, lakini jina lile sikulipata tena, na mpaka leo nikikuta mahali kiungo cha zamani kinachoelekea kule, moyo unauma.

Kwa hiyo tumia barua pepe ambayo ni yako binafsi na ambayo haitegemei domeini hiyo hiyo unayoisajili. Washa malipo ya kujirudia, na hata hivyo weka kumbukumbu kwenye kalenda mwezi mmoja kabla. Ikitokea ukachelewa, usikate tamaa siku hiyo hiyo. Kwa majina kama ya .com, msajili (kampuni iliyokuuzia jina) anaweza kukupa muda wa hadi siku 45 wa kulipia kama kawaida, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za mwisho ambazo huwezi kufanya kitu, ndipo linaachiwa kwa yeyote. Lakini siku zile 45 si haki yako. Msajili mwingine hutoa chache mno. Na ukiwa unasajili, uliza kama taarifa zako za nyumbani zinafichwa kwenye orodha ya umma ya wamiliki wa majina. Unaandika habari za watoto, jambo hili lina uzito. Kwa sababu hiyo hiyo, zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga picha za blogu, maana picha inaweza kubeba ndani yake alama ya pale ilipopigwa.

Kuhusu jina lenyewe, chagua lile ambalo utaliweza hata mada zikibadilika. Ulichoka na jina la kwanza ndani ya miezi kumi, nadhani kwa sababu lilikuwa limefungwa na kitu kimoja. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na akashauri tuache nje ya anwani mambo yanayogeuka, kama mada au hali ya andiko. Jina lako mwenyewe, au neno unalolipenda lisiloahidi mada yoyote, litakubeba kutoka wodini hadi kwenye bustani kama siku moja utaamua kuandika habari za maua.

Nakala. Mara moja kila mwezi pakua faili la makala zako zote kutoka kwenye mipangilio ya Blogger, liweke sehemu mbili: kwenye kompyuta na nje ya kompyuta. Picha ziwe na folda yake, zikiwa na majina yanayoeleweka. Kisha fanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: lifungue. Tengeneza blogu ya majaribio isiyoonekana na umma, ingiza faili lile, uone kinachorudi. Nimewahi kuitwa na mtu mwenye nakala za miaka mitatu, zote tupu, kwa sababu zilikuwa zikihifadhiwa kimyakimya bila maandishi ndani yake, na hakuna aliyewahi kuzijaribu. Kwa makala 41, jaribio hilo ni kazi ya jioni moja.

Zaidi ya hapo, nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni; kuna sehemu ya kuhifadhi ukurasa papo hapo kwa kubandika anwani yake. Zipitishe makala zako zote huko. Na ukiwa hapo, bandika pia anwani yako ya zamani; pengine kuna kurasa zilizookotwa kabla hujabadilisha jina.

Kuhusu wasomaji watano au sita, sitakaa sana. Namba hizo zina kasoro pande zote: nyingine ni programu zinazozunguka mtandaoni, na wengine wanaokusoma kupitia mlisho wa RSS (unaopeleka makala mpya kwenye programu ya msomaji) huenda hawahesabiwi kabisa. Hata zingekuwa sahihi, muuguzi mmoja aliye zamu saa tisa usiku akikusoma na kujua hayuko peke yake, hiyo ni kazi imefanyika. Mimi takwimu naziangalia mara moja kwa mwezi, siku ile ile ya kupakua nakala. Nilipokuwa nikiziangalia kila asubuhi, nilijikuta naandika kile nilichodhani watu wanataka, na makala zile ndizo zilizokuwa dhaifu kuliko zote.

Mwisho, zile tano za mwanzo. Tafadhali usizifute. Moja kati ya makala zangu za awali kabisa, yenye utangulizi mrefu usio na kazi na makosa ya tahajia, inaeleza jinsi nilivyotatua hitilafu ya printa. Ndiyo inayoniletea barua nyingi kuliko nyingine zote, hadi leo. Kufuta makala ni kukata kiungo kwa makusudi, na hujui nani amekishika. Kama kuna jambo uliloliandika ambalo sasa unajua si sahihi, hasa la afya, lisahihishe na uweke juu mstari mmoja wenye tarehe unaoeleza umebadilisha nini. Kama ni habari ya mgonjwa inayoweza kumtambulisha, hiyo ndiyo pekee ninayokubali iondoke, na iondoke leo, kabla hata hujaipitisha Wayback Machine. Makosa ya lugha yarekebishe kimya kimya. Ukitaka, badilisha hata kichwa cha makala: ukishaichapisha, Blogger haigusi anwani yake kwa sababu ya kichwa kipya. Anza na ile ya kwanza kabisa, na ukimaliza niandikie jina ulilolichagua, nije nisome.