Barua kwa mwanangu: siku yako ya Addis Ababa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema tiketi uliyoipata kwa bei nzuri inakufikisha Addis Ababa asubuhi, na ndege ya Guangzhou inaondoka karibu na usiku wa manane. Unaniuliza ukae kwenye kiti ulinde sakoshi yako, au utoke ukaone mji.

Toka. Wamama wengi wa biashara hapa Lubumbashi wanapita Addis kila mwaka, na ukiwauliza mji ule ukoje, watakueleza vyoo vya uwanja na bei ya chai. Ila kuna hali moja inayogeuza jibu langu. Kama makuta ya kununulia mali utayabeba mkononi, basi kaa ndani, ulale kwenye kiti, usijali kiuno. Ethiopia inazifuatilia sana fedha za kigeni, na anayeingia na nyingi anatakiwa kuzitangaza forodhani. Tena mtu mwenye dola elfu kadhaa tumboni haoni mji, anaona wezi tu kila kona. Pesa ya mali ipitishe benki, wewe ubaki na ya njiani.

Sasa tiketi. Kabla hujailipa, uliza kama ni moja kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, hadi Guangzhou, au ni mbili zilizounganishwa na mjanja fulani wa mjini. Ikiwa ni moja, mzigo wako utaenda moja kwa moja. Ukipewa kile kikaratasi cha mzigo, kisome palepale kaunta: herufi za Guangzhou ni CAN. Ukiona ADD, maana yake sanduku linashuka Addis na wewe utalifuata, na siku yako nzima itakuwa ya kusukuma toroli.

Jambo la pili ni hoteli. Ethiopian Airlines ina utaratibu wa kumlaza bure abiria anayesubiri kati ya saa 8 na 24, pamoja na chakula, gari la kumpeleka na kumrudisha, na ruhusa ya kuingia mjini. Sharti lake ni kwamba pasiwe na ndege ya karibu zaidi ambayo ungeweza kuunganisha. Ukijichagulia mwenyewe kungoja kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi, wanaweza kukukatalia, na wewe umesema ilikuwa rahisi. Kwa hiyo anayekuuzia akuonyeshe hiyo hoteli kwa maandishi. Kama haimo, suala la viza kwa pasipoti yetu ya Kongo limalize ukiwa bado nyumbani, usilisubirishe dirishani kule. Na kile kitabu cha manjano cha chanjo kisikae kwenye sanduku, kikae na pasipoti.

Ukishafika, hesabu saa zako kwa ukali. Tuseme una saa kumi na sita. Toa saa moja na nusu ya kupita uhamiaji na kungoja gari la hoteli. Toa saa tatu za mwisho, maana lazima urudi mapema: Bole, uwanja wa ndege wa Addis, wanakukagua mlangoni kabla hujaingia jengoni, halafu wanakukagua tena ndani, viatu mkononi, na usiku ndio wakati ndege nyingi za mbali zinaondoka, foleni zinajaa. Toa saa mbili za kuoga na kulala, na hizi usizionee huruma, kwa sababu ukishashuka Guangzhou utakwenda sokoni, na wauzaji hawamhurumii mnunuzi mwenye usingizi. Zilizobaki ni zako, lakini jua huzama kabla ya saa moja ya usiku. Ungekuwa unafika jioni na kuondoka alfajiri, ningekuambia ulale tu.

Pa kwenda, chagua mahali pamoja tu. Mimi ningekupeleka Makumbusho ya Taifa, upande wa Amist Kilo. Kutoka uwanjani si mbali, Bole iko ndani ya jiji lenyewe, ila msongamano wa magari wa mchana usiuchezee. Pale utamkuta yule mwanamke wa kale ambaye wazungu wanamwita Lucy na Waethiopia wanamwita Dinknesh. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1974 huko Hadar, katika nchi ya Waafar, na umri wake ni kama miaka milioni 3.2. Ni kadogo, kimo chake mita moja na kidogo, kama mtoto wa darasa la kwanza, lakini alitembea wima kama wewe. Wanachokuonyesha kwa kawaida ni nakala, mifupa yenyewe imehifadhiwa. Usinung'unike kwa hilo. Sisi watu wa Katanga tunaopita Kabwe kwa gari kila tukienda Zambia hatuna hata nakala ya kujivunia njiani: fuvu la kale lililochimbwa pale mgodini mwaka 1921 liko London hadi leo, na Zambia bado inalidai. Waethiopia wa kwao yuko nyumbani. Mimi jambo hilo peke yake linanitosha kulipa kiingilio.

Ukitoka hapo na miguu bado inataka, Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu haliko mbali, ndimo alimozikwa Haile Selassie, mfalme wao wa mwisho, mwaka 2000, miaka ishirini na mitano baada ya kufa kwake. Ndani wanavua viatu, basi usivae vile vya kufunga kamba hadi magotini. Funika kichwa pia.

Merkato usiende. Najua umeshaisikia, kwamba ni moja ya masoko makubwa ya Afrika, na najua damu uliyonayo ni ya nani. Soko lile linataka siku yake na mtu wa kukuongoza. Wewe unaelekea Guangzhou kununua. Utabeba kitambaa cha Addis hadi China ili ukirudishe Lubumbashi? Hiyo biashara gani?

Ukumbuke mji uko juu, zaidi ya mita 2,300, karibu mara mbili ya Lubumbashi yetu. Ngazi zitakuchosha upesi, na kichwa kinaweza kukugonga kidogo. Kunywa maji, tembea polepole. Na unasafiri Julai: hapa sisi tuko kwenye vumbi na baridi kavu, kule ndio kilele cha mvua. Koti na mwavuli viwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku.

Saa zao zinawachanganya wageni wote, lakini wewe huna sababu ya kuchanganyikiwa. Wanahesabu kama tunavyohesabu katika Kiswahili, siku inaanza jua likichomoza. Tatizo ni kwamba wewe siku hizi unahesabu Kifaransa, kwa ajili ya kazi. Dereva akikuambia kwa Kiingereza atakuja "two o'clock", anaweza kumaanisha saa mbili ya asubuhi hii hii, ile ya bibi yako. Mwonyeshe kwenye simu. Ya uwanja wa ndege na ya tiketi ni saa za kimataifa, na Addis iko saa moja mbele yetu. Hata tarehe ikikushangaza kwenye risiti, usigombane na mtu: kalenda yao iko nyuma yetu miaka saba au minane.

Kwa gari, waombe hotelini wakuitie, au tumia programu ya Ride, bei unaiona kabla. Badilisha dola chache tu benki, palepale uwanjani, utunze karatasi. Birr, pesa yao, zikibaki, hapa hakuna atakayezipokea, hata wale wabadilishaji wa barabarani wanaokubali kila kitu isipokuwa noti iliyochanika.

Chakula hakitakusumbua, mkono uliokula bukari, ugali wetu, unajua kazi yake. Injera, mkate wao, ni pana, laini, na ina uchachu kidogo. Unakata kipande, unachotea mboga, na sahani moja ni ya wote. Jumatano na Ijumaa waumini wao wanafunga nyama na maziwa, kwa hiyo siku hizo utapata sahani nzuri ya dengu, kabichi na shiro, ule mchuzi wao mzito wa unga wa kunde. Kula hiyo. Mimi naipenda kuliko ile ya kuku, ambayo pilipili yake haina adabu.

Kisha kahawa, na hapa ndipo nataka upoteze saa nzima bila kuangalia simu. Si ya kikombe cha karatasi. Tafuta mahali ambapo mwanamke anaikaanga mbele yako, anakuletea moshi uunuse, anaitwanga, anaichemsha kwenye jebena, birika lao la udongo. Inamiminwa mara tatu: abol, tona, baraka. Ukiondoka baada ya cha kwanza, utaonekana mtu wa haraka asiye na wakwe. Jirani wa kiti atakusalimia tu, na utamaliza kikombe cha tatu ukijua bei ya kodi ya nyumba Addis na shida za watoto wake.

Ya kununua ya nyumbani usiinunue sasa. Subiri safari ya kurudi, hata kama utakaa pale kwa muda wa saa mbili tu: kahawa ya kukaangwa inauzwa ndani ya uwanja. Ni ghali kidogo kuliko mjini, lakini haitazunguka China bure. Mimi niletee nusu kilo, ya punje, isiyosagwa. Baba yako anasema yake isagwe, basi zitakuwa pakiti mbili.

Nijibu kuhusu tiketi kabla ya Ijumaa, kama ni moja au ni mbili.

Mama yako,
Lubumbashi