Monstera ya madoa ikitoa majani meupe matupu, usiongeze maji, angalia shina

Dada umesema monstera yako ya madoa meupe (ule mmea wa ndani wa majani makubwa) imetoa majani matatu mfululizo meupe pee, kila moja likikaa wiki kadhaa linaanza kahawia pembeni, na wewe ukiona kahawia unaongeza maji. Naandika kirefu kidogo kwasababu hapo hapo ndo nilipompoteza monstera wangu wa kwanza, na iliniuma sana.

Maji simamisha kwanza. Jani jeupe halina klorofili, ile rangi ya kijani, yaani halijitengenezei chakula, linalishwa na yale ya kijani yaliyopo chini, sasa mmea wenye kijani kidogo unakula taratibu na kunywa taratibu, udongo wake unachelewa kukauka kuliko wa monstera ya kawaida. Ukimwagilia kwa ratiba ya ile ya kawaida mizizi inaoza, na mizizi ikioza maji hayapandi, juu unaona ukavu, na wewe unazidi kumwaga. Wangu nilipokuja kumtoa kwenye chungu mizizi ilikua myeusi, ukivuta ganda linabaki mkononi kinabaki kiuzi tu katikati. Sa hivi naingiza kidole kama sentimita 5, nikikuta bado pana unyevu naacha. Na udongo wenyewe nachanganya na magome ya miti na perlaiti (vile vijiwe vyeupe vyepesi) ili upitishe hewa, monstera porini inapanda miti, haijazoea kukaa kwenye tope.

Sasa ishu yenyewe. Ule weupe sio ugonjwa, ni mmea mmoja wenye seli za aina mbili, zenye kijani na zisizo nacho, na zimejipanga kwa michirizi kwenye shina. Jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, likiwa upande wa kijani linatoa kijani, likiwa kwenye weupe linatoa weupe, na likikaa pale michirizi ya rangi zote mbili inapopita ndo unapata lile jani tunalolipenda wote. Kwa iyo mmea ukishaanza kutoa meupe matupu, kuusubiri ubadilike ni kubahatisha na huku unazidi kudhoofika. Shuka toka juu kifundo kwa kifundo, utaona kauvimbe kadogo pale kikonyo cha jani kinapotokea, ndo jicho lenyewe, tafuta lile ambalo mchirizi wa kijani na mweupe vinapita hapo hapo, alafu kata shina sentimita 2 hivi juu yake. Kisu kipanguse kwa spiriti kwanza, utomvu wa mmea unawasha, na watoto na paka wasitafune hayo mabaki. Kipande cha juu kama ni cheupe chote hadi shina usihangaike nacho, hata kikitoa mizizi hakina cha kujilishia. Najua kukata inatia huruma, mi nilizunguka na kisu siku tatu.

(Kama yako ni ile aina ya Thai Constellation, yenye vidoa vya krimu vilivyotapakaa kama nyota, hii haikuhusu sana, ile rangi yake imetulia, hapo chanzo cha kahawia kitafute kwenye maji na mbolea.)

Mwanga uwe mwingi ila sio jua la mchana moja kwa moja, weupe unaungua kabla ya kijani. Wanaosema ukiongeza mwanga rangi nyeupe inaongezeka, mi sikubaliani nao, mwanga haupaki rangi upya kwenye jicho, unaupa mmea nguvu tu. Kupulizia maji kwenye majani pia nimeacha, unyevu wake unaisha muda mfupi, afadhali mashine ya mvuke kama hewa ya chumba ni kavu. Mbolea nusu ya kipimo cha kwenye pakiti, chumvi ikijaa kwenye udongo inaanza kuchoma kwenye ncha za majani.

Ukishakata, majani ya kijani yaliyobaki usiguse hata moja hata kama yamechakaa, na maji punguza tena maana wanywaji wamepungua. Wangu wa pili alikaa wiki saba kimya kabisa nikajua nimemuua, ndo jicho likavimba, likapasua, jani likatoka nusu kijani nusu jeupe. Kwa iyo usije ukamchimbua kabla ya hapo.