Acheni kuniletea kiti

Wiki iliyopita mliuliza wasomaji: aliyevuka miaka 50 afanye nini ili uzee umkute na nguvu zake? Najua mtaandikiwa sana habari za mlonge, kitunguu saumu na maji ya uvuguvugu asubuhi. Sina ugomvi na mlonge. Ila mimi, fundi cherehani wa Mabatini hapa Mwanza, mwenye miaka 58, adui ninayemwona kwa karibu ni kiti.

Kuna kiti cha kazi, hicho sina namna. Ninachokikataa ni kile ninacholetewa kwa heshima. Kwetu mtu akishaanza kuitwa bibi, kila anayempenda anamwondolea kazi. Ndoo anapokonywa, kapu la sokoni anapokonywa, ufagio unafichwa. "Mama, pumzika, umetulea vya kutosha." Anayesema hivyo ana adabu zake, lakini msuli haujui adabu. Ukishavuka 50 misuli hupungua kwa kasi zaidi, hasa isipotumika. Kwetu wanawake, hedhi ikikoma na mifupa nayo hupoteza uimara haraka katika miaka ya mwanzo. Yaani tunapumzishwa wakati ule ule mwili unapodai kazi.

Kijana wangu alitaka kunihamishia Buhongwa, nyumba ya tambarare, gari linaingia mpaka mlangoni. Nimemshukuru na nimekataa. Anayeijua Mabatini anajua nyumba zetu zimepandana na mawe. Bodaboda inaishia chini, kilichobaki ni miguu yako. Kupanda kunatoa jasho, lakini kwa goti kazi kubwa ni kushuka, kwa hiyo nashuka kwa mshazari, hatua fupi fupi, na kandambili nimewaachia wajukuu. Mvua ikinyesha, jiwe linateleza vibaya. Siku hiyo nashika mkono wa mtu bila kuona aibu. Kuvunjika nyonga katika umri huu si jambo la kujaribia.

Anayetaka kujua miguu yake imefika wapi, na akae kwenye kiti cha mezani kilichoegemea ukuta, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara tano mfululizo bila kushika popote. Wataalamu wa viungo hutumia kipimo cha namna hiyo kwa wazee. Ukijikuta unarusha mwili mbele au unatafuta ukingo wa meza, mapaja yameanza kukuaga, na mapaja ndiyo yanayokuinua kwenye choo cha kuchuchumaa na kukupandisha daladala. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaohemesha kidogo, pamoja na siku 2 au zaidi za kazi ya kuimarisha misuli. Watu hushika hilo la kwanza tu. Utamwona mtu jioni anatembea Capri Point na raba mpya, ila ndoo ya lita kumi anamwita kijana ambebee. Ibebe mwenyewe! Kama kumi ni nyingi, jaza nusu.

Chakula nakisema kwa ufupi, maana ziwa limetupendelea. Msuli unataka protini, na dagaa anayo. Tena tunamla na mifupa yake, kwa hiyo na kalsiamu imo humo humo. Mimi nanunua Mwaloni Kirumba, wale waliokaushwa juu ya chanja, siyo wa kuanikwa mchangani. Ukitaka kuwatofautisha, chukua gao moja, lisugue kiganjani, kisha tazama kilichobaki. Nyumbani nawakaanga kidogo, halafu nyanya, kitunguu na ndimu nyingi, maana ndimu inanisaidia kupunguza mkono wa chumvi. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kama kijiko cha chai kilichosawazishwa, na hapo imehesabiwa iliyomo kwenye mkate na kwenye viungo vya pakiti. Mpenzi wa kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ajue mwenyewe. Ugali sijauacha, nimepunguza tonge na kuongeza mlenda.

Shoga yangu mmoja aliniuliza kama kuogelea ziwani si zoezi bora kwa magoti. Lingekuwa bora, kichocho kisingekuwepo.

Limebaki la presha. Inaweza kupanda mtu asisikie lolote, na wengi wakishaanzishiwa dawa wanaziacha siku wakijisikia wazima, wakati huo uzima ni kazi ya dawa yenyewe. Sisi wanawake angalau kliniki tumeizoea tangu enzi za ujauzito. Waume zetu ndio kazi. Ukimwambia twende hospitali anakuuliza nani anaumwa. Wa kwangu nampitisha kituo cha afya siku ya mechi, akiwa njiani kwenda kibanda cha mpira: anakaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, anapimwa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi tunarudi siku nyingine kuhakikisha, ikibaki hapo hapo ni kwa daktari. Ila iwe kabla ya mechi, jamani. Mtu ametoka kuangalia Simba na Yanga utampima presha gani?