Kobe mchanga na sindano ya mbuzi

Safu hii ilikuwa ya paka na kuku. Nikaandika mstari mmoja tu kuhusu kobe, simu ikajaa. Kwa mliouliza ujuzi wangu ni upi: mimi si daktari. Nililisha, nikaosha na kupima makobe miaka kumi na moja kwenye hifadhi moja ya pwani yenye kibali, na mwaka wa kwanza nilimuua mmoja kwa ujinga wangu mwenyewe. Huyo nitamfikia.

Shikamoo Bi. Baada ya mvua mwanangu ameokota kobe mdogo shambani kwetu Kitui, hazidi biskuti. Analia tusimtupe. Tumjengee banda la namna gani?

Marahaba mwanangu. Msijenge kitu. Mrudisheni leo, palepale alipookotwa, chini ya kichaka au penye nyasi nzito, si kwenye "msitu mzuri zaidi" mnaoujua nyie. Mayai ya kobe hukaa ardhini miezi mingi, na vitoto hutoka mvua ikishalainisha udongo. Huyo hakupotea wala hakutelekezwa. Mama kobe akishafukia mayai, kazi yake imekwisha. Mbebeni taratibu, karibu na ardhi, maana kobe akishtuka humwaga maji ya kibofu, na katika nchi kavu kama Ukambani hicho kibofu ndicho mtungi wake.

Halafu kuna sheria. Kenya ni ile ya wanyamapori ya 2013, Tanzania ya 2009: kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, hata awe biskuti. Na Kitui ni nchi ya yule kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba. Hutaga yai moja kwa wakati, wafanyabiashara walimzoa sana, na 2019 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zikakubaliana kufunga biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Mpe mtoto kazi ya kutembelea kile kichaka kila mvua ikinyesha. Kobe pengine hatamwona tena, lakini shamba atalijua vizuri kuliko wewe.

Wanaofuata hapa chini wananunua makobe waliozaliwa kwa wafugaji, au wana kibali.

Bi mkubwa, niko Muscat. Muuzaji ameniambia huyu hatazidi sahani ya chai. Ana rangi ya mchanga na miiba mapajani.

Miiba mapajani? Huyo ni sulkata, kobe wa Sahel, kuanzia Senegal mpaka Ethiopia. Sahani ya chai ataifikia ndani ya miaka michache, kisha atakuwa sinia, kisha meza. Dume lililokomaa huweza kupita kilo 50, na huchimba handaki la mita kadhaa chini ya ukuta wa jirani bila kuomba radhi. Kama unaishi ghorofani, anza sasa kutafuta mwenye uwanja atakayempokea.

Tuko Houston, nasi tuna sulkata wa miezi mitano. Babu yao amekuja kututembelea, kila jioni anampa ugali na ndizi mbivu. Anakula kwa furaha! Nikisema kitu naonekana sina adabu.

Kula kwa furaha hakumaanishi chochote. Mtoto wako naye angekula peremende mpaka alfajiri. Tumbo la kobe huyu ni pipa la kuchachulia majani. Ndani yake mna vijidudu vinavyovunja nyasi polepole. Ukiingiza wanga na sukari, pipa linachacha vibaya: gesi, kuhara, kobe anaacha kula. Maziwa, mkate na chakula cha mbwa vimo kwenye kapu hilohilo.

Chakula chake ni nyasi. Tatizo la mtoto ni kwamba mdomo wake hauwezi kukata nyasi kavu, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye meno yake. Chukua mkasi, katakata nyasi vipande vya urefu wa ukucha, changanya na majani mabichi, nyunyizia maji mpaka vishikane. Majani mazuri kwenu yapo tele: magugu ya uani yasiyopuliziwa dawa, maua na majani ya haibiskasi, majani ya mforosadi, sukuma kidogo siku mojamoja. Na nenda kwenye duka la Wamexico ununue mpungate, ule uliokwisha kunyolewa miiba. Wao huupika, kobe wako ataula mbichi. Spinachi isiwe ya kila siku, kwani hufunga kalsiamu mwili usiipate.

Kalsiamu yenyewe: unga wake usio na fosforasi, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, mara mbili tatu kwa wiki. Pia mwekee mfupa mweupe wa dome, yule wa baharini wa jamii ya pweza, autafune akitaka. Huku Lamu tunauokota ufukweni bure. Kwenu unauzwa upande wa vyakula vya ndege.

Kuhusu babu, usimkataze. Mpe mkasi.

Leicester hapa. Kobe wangu wa aina ya Hermann ana mwaka mmoja. Nimemweka dirishani jua limpige, lakini nikibonyeza gamba la chini linabonyea. Ni kawaida?

Kwa aliyeanguliwa juzi, kunepa kidogo kama ukucha ni kawaida. Kwa wa mwaka mmoja, hapana. Mpeleke kwa daktari anayejua reptilia wiki hii hii, usingoje.

Kilichomponza ni kioo. Jua linapita, joto linapita, lakini ile miale ya UVB ambayo ngozi yake hutengenezea vitamini D3 hukwama pale. Bila D3, kalsiamu unayompa inapita tu tumboni kama mgeni asiyekaribishwa, na mwili unaanza kukopa kwenye mifupa. Gamba ni mfupa.

Mnunulie taa ya UVB ya reptilia, na umbali wake ufuate maelezo ya kwenye boksi. Chini ya taa pafike nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili wa banda pawe na ubaridi wa 22 hivi, achague mwenyewe. Tena, taa hizi zina ujanja: hupungua UVB baada ya miezi sita hadi kumi na mbili huku mwanga ukionekana uleule. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino kwenye kitako cha taa. Jua likitoka kweli, mtoe uani kwenye kizuizi chenye wavu juu na kivuli ndani, umkumbuke.

Gamba la kobe wetu linaota vichuguu, kila kigae kinanyanyuka. Tumepunguza protini kama tulivyoambiwa. Dubai.

Vichuguu, neno zuri, nitaliiba. Protini ilibebeshwa lawama hii miaka mingi. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna waliwakuza sulkata wadogo katika hewa ya unyevu tofauti na chakula cha protini tofauti. Kilichonyanyua magamba hasa kilikuwa ukavu, na protini ilichangia kidogo tu. Kobe mchanga porini huishi amejichimbia chini ya nyasi, penye unyevu, hata nchi yenyewe ikiwa kavu. Kwenye fleti yako yenye kiyoyozi hana pa kujichimbia.

Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilikabidhiwa kitoto kimoja, nikakiweka kwenye sanduku la mbao, majani makavu, balbu juu, nikiamini kobe ni mnyama wa ukame. Bakuli la maji lilikuwa na kingo ndefu, hakulifikia. Siku ya kwanza alikuwa gramu 38. Sikumpima tena mpaka wiki ya sita, macho yakiwa yamezama na mkononi amekuwa mwepesi kama kifuu. Gramu 31. Akafa usiku ule. Kobe halii, hakohoi, hakimbii kukuambia. Mizani ya jikoni ndiyo mdomo wake: pima kila Jumamosi, andika. Wiki moja akishuka kidogo, huenda amekunya tu. Akishuka wiki mbili mfululizo, kuna jambo.

Vichuguu vilivyokwisha kuota havirudi chini, ila gamba jipya linaweza kuota laini. Mwekee udongo mzito wenye makumbi ya nazi, umwagilie ubaki na unyevu chini, na kisanduku chenye unyevu ndani cha kujifichia. Unyevu uende pamoja na joto. Baridi na majimaji huleta nimonia. Kila asubuhi mloweke kwenye beseni dakika 15 hadi 20, maji ya vuguvugu yasipite kiungo cha gamba la juu na la chini. Atazamisha kichwa na kunywa. Kisha atatoa kitu cheupe. Kikiwa kama dawa ya meno, sawa. Kikiwa na chengachenga kama mchanga, kiu ilikuwa imemshika siku nyingi.

Loji yetu Arusha ina kibali cha makobe. Wadogo wana minyoo kwenye choo. Duka la dawa za mifugo wametupa ivermectin, ile tunayochoma mbuzi. Tuwape kiasi gani?

Hakuna kiasi. Rudisheni chupa dukani, au iwekeni kabati la mbuzi na mfunge. Ivermectin ni dawa njema kwa mbuzi na ng'ombe, lakini kwa kobe huingia kwenye mfumo wa fahamu, humlegeza miguu na shingo, kisha pumzi. Dozi ndogo inatosha kuua. Nimesema mara moja, nasema tena: ivermectin na kobe, hapana.

Pelekeni choo kibichi, cha leo, kwa daktari wa mifugo akitazame kwa hadubini. Minyoo midogo kama uzi kwa mla nyasi mara nyingi haina madhara ikiwa michache. Ikihitaji dawa, zipo nyingine salama zaidi, kama fenbendazole, na daktari atapiga hesabu kwa gramu za kila mmoja. Ndiyo, mizani tena.

Nina mimba ya miezi saba na mtoto wa miaka miwili. Mume wangu anamwosha kobe kwenye sinki la vyombo. Minneapolis.

Aache leo. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila yeye kuumwa. Wajawazito, wazee na watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoumia. Huko mliko kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi nne kumepigwa marufuku tangu 1975, kwa sababu hiyo hiyo, watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Beseni lake liwe lake peke yake, maji yamwagwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto atazame bila kushika.

Tunaweza kupaka gamba rangi ya timu yetu? Au kutoboa ukingoni tumfunge kamba?

Mngetoboa mbavu zenu? Gamba limeungana na mbavu na uti wa mgongo, lina damu na linahisi. Jengeni uzio.

Wa Changuu, Zanzibar, wana miaka mingapi? Na wangu atafika huko?

Wa Changuu ni aina ya Aldabra. Wanne wa kwanza walitoka Shelisheli 1919. Mkongwe anayejulikana zaidi ni Jonathan wa kisiwa cha St Helena, aliyefika huko 1882 akiwa tayari mtu mzima. Wako, kama ni sulkata, akitunzwa anaweza kukuzika. Andika kwenye wosia.

Kobe anaweza kumjua mwenyewe? Binti yangu anasema wetu anaitikia jina.

Jina sina hakika, ila mtu anayeleta chakula wanamjua, na rangi nyekundu wanaijua zaidi. Mwambie binti apake hina miguuni, akae peku bustanini wakati wa kulisha. Asikae karibu sana.