Ukitaka kuijua ndege ya mizigo ya vita, anza na mzigo wake

Wengi mnaoanza kusoma historia ya ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia mnakimbilia jedwali la mwendo na silaha. Kwa ndege ya mizigo jedwali hilo halitoshi. Uliza kwanza ilibeba nini, kutoka wapi hadi wapi, na njia nyingine ilikuwa na shida gani. Mfano wangu ni Savoia-Marchetti SM.82 ya Italia, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1939.

Kwenye karatasi haivutii: injini tatu za Alfa Romeo, bawa la mbao la karibu mita 30 kutoka ncha hadi ncha, mwendo usiofika kilomita 350 kwa saa hata ikijikaza.

Sasa tandaza ramani. Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani, na njia ya Suez ikafungwa kwake. Majeshi yake ya Eritrea, Ethiopia na Somalia yakazingirwa, Sudan upande mmoja na Kenya upande mwingine, zote mikononi mwa Waingereza. Meli za mizigo hazipiti. Hapo ndipo utaelewa faida ya tumbo kubwa la SM.82. Fiat CR.42, ndege ya kivita ya rubani mmoja yenye mabawa juu na chini, haikuweza kuruka umbali ule yenyewe. Basi ilifunguliwa mabawa, ikapakiwa tumboni mwa SM.82, ikavushwa kutoka Libya juu ya Sudan, na ilipofika mafundi wakaiunganisha upya. Takriban 50 zilipelekwa hivyo. Kwangu hii ni kazi ya kustaajabisha kuliko mashambulizi mengi yanayosifiwa, ingawa haikutosha: Aprili 1941 Addis Ababa ilitekwa na majeshi yaliyotokea Kenya, wakiwemo askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki. Ukisoma habari za KAR, ziweke kando ya hizi. Ni vita moja.

Msiamini pia kwamba ndege ya mizigo ilibeba mizigo tu. Oktoba 1940, SM.82 nne ziliondoka kisiwa cha Rhodes, zikashambulia mitambo ya kusafisha mafuta ya Bahrain, kisha zikatua Zula, Eritrea, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 4,000. Mabomu mengine yaliangukia Dhahran, Saudi Arabia, nchi ambayo haikuwa vitani. Uharibifu ulikuwa mdogo, lakini Waingereza walijua kwamba hata Ghuba inafikika.

Kuhusu picha, kuweni makini. Savoia-Marchetti walitengeneza ndege nyingi za injini tatu, na maelezo chini ya picha mara nyingi yanakosea. SM.79 ina kibyongo nyuma ya chumba cha rubani. SM.81 magurudumu yake hayakunjwi. SM.82 ina tumbo nene, refu kwenda chini. Ukishaitambua, tazama alama za ubavuni pamoja na tarehe, maana baada ya Italia kusalimu amri Septemba 1943 Wajerumani walizitwaa nyingi, nyingine zikaruka upande wa Washirika. Msalaba wa Kijerumani kwenye SM.82 ya mwaka 1944 haushangazi; ukiuona kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1940, tafuta upya picha hiyo ilitoka wapi.