Ziwa likifungwa, dagaa watarudi?

SWALI: Mhariri, mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nasi tunaoishi kwa dagaa na migebuka tukakosa kipato. Sasa wataalamu wanasema samaki wanapungua kwa sababu maji yamepata joto. Ikiwa ni joto, mbona anayefungiwa ni mvuvi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, joto lina sehemu yake, na nyavu zina yake. Rutuba nyingi ya ziwa hili, ambalo kina chake hufikia takriban mita 1,470, imelala chini, na hupanda hasa pale upepo wa kusi unapoyachanganya maji, kuanzia Mei hadi Septemba. Lakini maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, yakakataa kuchanganyika na ya chini, na chakula cha dagaa kikapungua. Hilo haliondolewi kwa amri ya Dodoma wala ya Bujumbura. Hata hivyo, ziwa linalozaa kidogo ndilo lisilostahimili kuvuliwa sana.

Dagaa huishi takriban mwaka mmoja tu na huanza kutaga akiwa na miezi michache, kwa hiyo miezi mitatu ya kumwacha ni sehemu kubwa ya maisha yake. (Mbalamwezi nayo humpumzisha kidogo kila mwezi, kwa kuwa taa za vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa usiku, hazimvuti vizuri usiku wenye mwanga.)

Wasiwasi wangu uko katika yanayofuata baada ya kufungua. Vipe vikirudi majini kwa idadi ileile, na makokoro yaliyopigwa marufuku yakaendelea kukokotwa ufukweni, ambako dagaa wachanga hukulia, kilichookolewa kitavuliwa upesi. Tena ziwa ni la nchi nne, Kongo ikiwa na takriban asilimia 45 na Tanzania 41, zilizobaki zikiwa za Burundi na Zambia. Nchi moja ikifunga peke yake, samaki wake watavuliwa ng'ambo.

Kuhusu kipato, lalamiko lako ni la haki. Kupitia kikundi chenu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, dai tarehe za kufunga zitangazwe mapema, ili marejesho ya mikopo ya injini na nyavu yapangwe nje ya miezi hiyo, na dai pia leseni za vipe ziwekewe kikomo.