Dawa si feki mkuu, nyasi zako zinaimeng'enya

Mkuu, unauliza kama umeuziwa dawa feki ya kuua magugu kwa sababu nyasi kwenye ngano yako ziligeuka njano, zikasinyaa, halafu baada ya wiki mbili zikarudi kijani. Inawezekana, feki zipo. Ila kabla hujaenda kumgombeza muuzaji, sikia yaliyonikuta. Mimi nilimlaumu wangu misimu mitatu bure.

Kilichonifumbua macho ni kuchuchumaa. Ukisimama barabarani ungesema nyasi zote zimekufa. Nilipoinama nikakuta mashina mawili yameota yakigusana. Moja limeoza hadi moyoni, ukilivuta linachomoka. Jirani yake majani ya nje yameungua ncha, lakini katikati limechomoza jani jipya, jembamba, la kijani kabisa. Pampu ile ile, siku ile ile. Dawa feki haibagui hivyo.

Nikavuna mbegu za zile zilizopona, na nyingine kutoka pembeni ambako dawa haijawahi kufika. Nikaotesha kwenye makopo, nikapiga kipimo cha kwenye lebo zikiwa na majani mawili matatu. Za pembeni zilikufa zote. Za shambani zilidumaa siku kadhaa, kisha nyingi zikaendelea kukua kama hakuna kilichotokea.

Ni hivi: dawa inaingia kwenye mmea vizuri tu, ila inavunjwa kabla haijafanya kazi yake. Vimeng'enya, yaani protini za mmea zinazobadili kemikali, vya familia ya saitokromu P450 huipachika oksijeni, na mara nyingi hapo makali yanapungua. Vingine huifunga kwenye sukari au glutathioni, kemikali ndogo ya mmea wenyewe, kisha mabaki husukumwa kwenye vakuoli, stoo ya seli. Hata ngano yako ina vimeng'enya hivi. Dawa nyingi zinazoua nyasi na kuacha ngano zinategemea ngano kuzimeng'enya haraka kuliko gugu. Sasa gugu limeifikia ngano kwa mbio, na huo ndio usugu wa kumeng'enya.

Kuna usugu mwingine, ule ambao sehemu ya ndani ya mmea ambako dawa hujishikiza imebadilika umbo. Huo mara nyingi gugu halitikisiki hata kidogo. Njano kisha kijani ndiyo inayonifanya nishuku mmeng'enyo, japo kupiga kwa kuchelewa nako kunaleta picha hiyo hiyo. Ndiyo maana nakwambia upime kwenye makopo.

Wengi watakushauri ubadilishe dawa, na hapa ndipo penye mtego. Kimeng'enya hakisomi lebo. Huko Australia, miaka ya 1980, nyasi ya Lolium rigidum iliyokuwa sugu kwa diklofopu, dawa ya kuua nyasi, ilikutwa inahimili na klorosalfuroni, dawa ya kundi tofauti kabisa ambayo baadhi ya mashamba hayo hayakuwahi kupigwa. Uingereza nako nyasi ya Alopecurus myosuroides imewasumbua wakulima wa ngano vivyo hivyo.

Kosa langu mimi lilikuwa kubana kipimo. Nilitia nusu nikijiona mjanja. Kipimo kamili kingeua hata nyasi zenye uwezo wa kadiri; nusu iliziacha hai, zikapeana chavua, na watoto wakarithi vimeng'enya kutoka pande zote mbili. Watafiti wa Australia walijaribu hivyo makusudi kwenye Lolium na dozi ndogo, wakapata usugu ndani ya vizazi vichache tu.

Halafu utasikia wanaoshauri kuchanganya na malathioni, dawa ya wadudu. Ni kweli huzuia baadhi ya P450, na watafiti huitumia kuthibitisha usugu huu. Shambani usithubutu, utainyang'anya na ngano kinga yake.

Siku hizi napiga kipimo kamili nyasi zikiwa changa, maana zikishatoa machipukizi zina nguvu zaidi ya kuivunja dawa. Mvua za kwanza naacha magugu yaote, nayalima, ndipo napanda. Msimu mmoja mmoja naweka zao la jamii ya kunde. Lakini kazi kubwa ni ya mkono: zilizopona nazing'oa kabla hazijatoa masuke, nazitia kwenye gunia, nazitoa shambani. Mgongo unauma, sikudanganyi.

Wewe ulipiga zikiwa na majani mangapi, na nozo yako uliipima lini mara ya mwisho?